Niliona Haya Kurudi kwa Hakimu Niliyemtukana

Nina miaka thelathini na nane, ni mkulima wa mpunga hapa Majimoto, na kanisani mimi ndiye ninayefundisha kwaya. Watu huniita mwalimu. Wangejua nilichomfanyia mama yangu, sijui kama wangeendelea kuniita hivyo...

Baba alipofariki, baba mdogo alidai kwamba shamba letu la bondeni lilikuwa la babu, kwa hiyo sasa ni lake. Tukafikishana mahakamani Mpanda. Mimi ndiye niliyeisemea familia. Nilieleza kwamba baba aligawiwa shamba lile na serikali ya kijiji, lakini karatasi hatukuwa tunajua iliko. Hakimu, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, aliniuliza mara mbili, "Huna maandishi yoyote?"

Sikuwa nayo. Akaamuru shamba liwe la baba mdogo.

Jamani, nilipandwa na hasira! Nje ya mahakama, mbele za watu, nilipaza sauti kwamba hakimu amehongwa. Ushahidi gani nilikuwa nao? Hakuna! Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama tu, akarudi ndani.

Wiki haikuisha, mama akaenda kwa dada yake kule Mamba, akarudi na karatasi ya kijiji yenye mhuri. Baba alikuwa ameihifadhi huko tangu nyumba yetu ilipokuwa ikivuja. Mama alilia kwa furaha!

Nikakimbilia Mpanda. Karani, dada mmoja mchangamfu, aliisoma akatabasamu.

"Kaka, omba mapitio. Unamwomba hakimu aiangalie upya amri yake. Una siku thelathini tangu alipoitoa."

"Hakimu yupi?" nikauliza.

"Yuleyule aliyeitoa. Maadamu bado yupo kituo hiki, hakuna mwingine wa kukusikiliza."

Nitamtazamaje mtu yule? Nikaikunja karatasi, nikaondoka...

Stendi nikakutana na kishoka mmoja, mtu anayejifanya wakili. Akaniambia nisubiri, hakimu yule atahamishwa, akija mpya nitaanza naye ukurasa safi. Ndicho nilichotaka kusikia. Nikamwamini.

Nyumbani mama akaniuliza, "Umeipeleka, baba?"

"Nimeipeleka, mama."

Uongo mtupu! Karatasi ilikuwa kwenye begi langu la vitabu vya nyimbo. Kila Jumapili baada ya misa, mama alibaki amepiga magoti, akimwombea hakimu apewe hekima. Nami nilisimama nyuma yake na begi lile begani. Mtoto gani anamfanyia mama yake hivyo?

Siku thelathini zikapita. Miezi minne baadaye hakimu akahamishwa kweli. Nikapeleka maombi, na mama akang'ang'ania twende wote. Alivaa kitenge chake kipya... alidhani tunaenda kurudishiwa shamba.

Hakimu mpya, mama mmoja makini, aliniambia, "Mwenzangu ameshahama, kwa hiyo naweza kukusikiliza. Lakini muda umepita. Eleza kwa nini ulichelewa."

Nilikuwa nimeshaapa. Mama alikuwa ameketi hatua chache nyuma yangu.

"Mheshimiwa, niliona haya. Nilimtukana hakimu aliyetoa amri."

Akasema kwamba kuona haya si sababu ya kuongezewa muda. Maombi yakatupwa. Sikuweza kugeuka nyuma...

Kwenye korido karani akanifuata. "Kaka, yule hakimu kabla hajaondoka alikuulizia. Alitaka kujua kama ulipata maandishi. Nikamwambia ulikuja nayo, ukaondoka nayo."

Alikuwa ananisubiri! Mtu niliyemchafulia jina alikuwa ananisubiri!

Mama hakunigombeza. Kwenye gari alitazama dirishani mpaka tulipokaribia kufika, ndipo akasema, "Ungeniambia, ningeenda mimi." Basi. Hajawahi kulirudia neno hilo.

Leo mama anapandikiza mpunga kwenye mashamba ya wenzake, na umri ule. Nikimkuta ameinama kwenye tope, napita njia nyingine.

Ndugu zangu mnaosoma, nawasihi! Nyie mkipata amri isiyowaridhisha, fungeni midomo kwanza. Na kama mmeshakosea, rudini kwa mtu huyohuyo mkamwombe radhi, muda ungalipo. Mimi nilikwepa kumtazama mgeni kwa dakika kumi... sasa siwezi kumtazama mama yangu.