Tonge la Kahindo

Mambo haya yalimpata shangazi yangu Emérance, hapa hapa Bunia, mwaka wa 1981. Shangazi hakuwa mtu wa uongo. Alishona nguo sokoni pamoja na rafiki yake Kahindo, mashine mbili kwenye baraza moja. Sindano iliwahi kupenya kidole gumba cha Kahindo, na tangu hapo ukucha ukaota umepasuka katikati.

Halafu mtoto wa Kahindo akala kwa shangazi, na usiku uleule akafa. Watu, ambao midomo yao haijui kupumzika, wakasema ni karuho, sumu ya chakulani. Marafiki wakaacha kusalimiana. Shangazi alilia mwaka mzima.

Jumamosi moja alipiga moyo konde, akamwalika Kahindo chakula cha mchana kwa Mama Mbambu, kwenye restora ndogo ya mtaa wetu. Kula sahani moja mbele ya watu, hivyo ndivyo sisi tunavyomaliza uadui. Kahindo akakubali. Wakanawa katika beseni moja, na Mama Mbambu akaleta sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani kutoka Kasenyi na bugali uliofunikwa.

Kwetu anayealika ndiye anayeonja kwanza, mgeni ajue chakula ni safi. Shangazi akanyoosha mkono. Kahindo akaushika.

"Hapana onja, yaya, dada yangu. Leo miye ndiye nitaanza. Batu baone nakuamini."

Akafunua sahani. Bugali ulikuwa umeshamegwa.

Tonge moja tu, upande wa Kahindo. Alama ya kidole gumba ilikuwa wazi, na ukucha ulikuwa umeacha mistari miwili, yenye pengo katikati. Mikono ya Kahindo ilikuwa bado inachuruzika maji.

Mama Mbambu aliapa kwamba aliufunika ukiwa mzima. Shangazi akamnong'oneza rafiki yake waondoke.

Kahindo akatazama meza za jirani. Wote walikuwa wameacha kula.

"Tukiacha," akasema polepole, "batasema ni weye ulitia karuho."

Akaweka kidole chake katika ile alama. Kikaingia sawasawa. Akamega hapo hapo. Akala.

Walimaliza sahani yote, wakacheka kama zamani. Jumatatu Kahindo hakuja sokoni. Alikutwa kitandani, amekufa. Shangazi, aliyekula sahani ileile, hakuumwa hata tumbo. Nadhani unajua mji ulisema nini. Mpaka leo neno hilo linaniuma.

Mimi nilikwenda kuishi naye miaka miwili baadaye, nikisoma sekondari. Siku ya kwanza nilifunua bugali nikakuta umemegwa. Nikadhani ni panya. Shangazi akanisogezea sahani.

"Kahindo ameisha kuonja," akasema. "Kula, mutoto."

Ilikuwa hivyo kila siku. Tonge moja. Mistari miwili. Nilizoea, Mungu anisamehe.

Siku moja mama mmoja jirani, aliyekuwa hasemi na shangazi, alituletea chakula, eti tumalize maneno. Tulimshukuru. Alipoondoka, shangazi akafunua sahani.

Bugali ulikuwa mzima. Laini. Hauna alama.

Nilikuwa na njaa, nikanyoosha mkono. Shangazi akanikamata kwa nguvu hata nikaumia.

"Leo hajaonja."

Akaufunika, akafunga jiko kwa kufuli, ufunguo akaulalia. Tulilala na njaa. Alfajiri tukafungua. Kifuniko kilikuwa mahali pake. Bugali ulikuwa umekwisha wote, hata ukoko. Ukingoni mwa sahani palibaki alama moja ya kidole gumba, ukucha umepasuka katikati.

Shangazi akaketi sakafuni.

"Amekula yote," akasema. "Amekufa tena kwa ajili yetu."

Tangu siku ile bugali wetu ulikuja mzima. Shangazi naye ameshakufa, na sahani ile, ambayo jirani hakuja kuidai, ninayo mimi. Nimeisugua kwa mchanga, nimeisugua kwa majivu, na alama haitoki. Mgeni akija kwangu, naonja kwanza, na kila mara nautazama bugali kabla ya kumega.