Dakika Kumi Kando ya Bwawa

Maiti ilikuwa imelala chali kwenye nyasi, suti yake ya mpira imepasuliwa kifuani kwa makasi. Povu jeupe lilikuwa limekauka pembeni mwa mdomo. Inspekta Waweru alichuchumaa, akaliangalia lile povu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Bwawa hili alilijua. Mwaka juzi, hapa hapa nje ya Kesses, alikuja kuchukua maiti ya mtoto wa kiume. Alimfunika kwa turubai kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto yule naye alikuwa na povu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Byron Sifuna, afande," Konstebo Jerop alijibu. "Mzamiaji mkuu wa kile kikundi cha kujitolea. Mtu akizama, ndio huitwa kumtoa. Leo walikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza. Mzamiaji akiishiwa na hewa huko chini, wenzake wamfanyie nini."

"Na amekufa kwenye somo."

"Ndiyo, afande. Wale vijana huko juu wanasema amefaulu mtihani."

Waweru hakucheka. Simu yake ilikuwa imelia mara mbili njiani. Mkuu wa kituo hakutaka maneno mengi: mwalimu wa mafunzo ashtakiwe kwa kuua bila kukusudia, faili ifungwe kabla ya jioni. Mwalimu mwenyewe, Edwin Lagat, alikuwa ndani ya gari la polisi na pingu mikononi, mdomo umevimba. Ndugu za marehemu walikuwa wamemfikia kabla ya polisi.

Waweru alifungua mlango wa gari, akakaa karibu naye.

"Eleza. Polepole."

"Sifuna alikuwa anaigiza mtu aliyezimia, sir. Anashuka mita nne, anakaa kwenye matope na mkanda mzito wa vipande vya madini ya risasi asielee. Maji ni ya tope, huoni hata kidole chako. Amefungwa kamba. Mwenzake yuko ukingoni ameishika. Akivuta mara nne, maana yake nitoe. Firimbi ikilia, mimi na wanafunzi wawili tunaanza kumtafuta."

"Nani aliishika kamba?"

"Sylvia. Sylvia Nabalayo."

"Firimbi ni kazi ya nani?"

"Ni yeye pia."

"Mkamtoa akiwa amekufa?"

"La, alikuwa hai," Edwin alisema, na sauti yake ikavunjika. "Alikuwa anapumua kidogo. Mtungi wake wa hewa ulikuwa umefunguliwa nusu tu. Anaufungua mwenyewe, hapendi kukaguliwa. Anasema yeye alizamia kabla sisi hatujajua kuogelea. Nikamwachia Sylvia oksijeni, ndiye bora darasani, nikakimbia barabarani. Hapa chini hakuna network. Nimerudi baada ya dakika kumi, amekata pumzi. Nimemkandamiza kifua mpaka mikono ikakufa ganzi."

"Na wale wanafunzi wawili?"

"Walikuwa wamemshika miguu. Niliwafundisha aliyeshika barakoa asisumbuliwe."

Waweru alirudi pale kwenye nyasi. Kisanduku cha oksijeni kilikuwa wazi, mpira wa barakoa bado umeunganishwa na mtungi mdogo wa kijani. Aliinama akasoma geji, kipimo cha hewa iliyobaki ndani. Kisha akamwomba Jerop karatasi ya ukaguzi wa asubuhi, iliyoandikwa na Edwin kwa kalamu.

Asubuhi geji ilisoma mia na hamsini. Sasa ilisoma mia na hamsini.

Alivaa glavu, akashika kifungulio cha mtungi, akakizungusha. Oksijeni ikatoka kwa mlio wa nyoka. Akafunga.

"Dakika kumi za oksijeni," alimwambia Jerop, "na mshale haujasogea hata unywele."

Saa tisa alasiri daktari wa upasuaji wa maiti alimpigia simu. Kulikuwa na michubuko kuzunguka pua na mashavu, duara kamili, saizi ya barakoa. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi.

"Maana yake?"

"Maana yake alikuwa hai wakati inakandamizwa, Waweru. Maiti haivilii damu hivyo. Na aliyekandamiza alitia nguvu. Mimi nikimpa mtu oksijeni, namwekea barakoa, simkabi nayo."

Kabla ya kumwita Sylvia, Waweru alipita selo ya Edwin.

"Sifuna na Sylvia walikuwa na ugomvi?"

"Hapana, sir. Hata hawakujuana kabla hajaja kwetu. Sylvia ana miezi sita tu kwetu, ni fundi wa sare za shule pale mtaa wa West Indies." Edwin alifikiri. "Alhamisi tu ndio alitoka darasani. Nilikuwa nafundisha kwamba aliyezama akiwa na povu mdomoni, mara nyingi mapafu bado yanapigana. Mpe hewa, usingoje. Sifuna akacheka. Akatoa stori ya mtoto mmoja wa Kesses, mwaka juzi. Darasa zima likacheka. Sylvia akatoka nje."

"Mtoto wa Kesses," Waweru alisema.

"Ndiyo. Unamjua?"

Waweru alifunga daftari.

Sylvia Nabalayo aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado na nguo za mafunzo, magoti yamekauka tope. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mtulivu. Alikaa na mikono chini ya meza. Jerop alikaa pembeni na karatasi za maelezo.

"Mama, kamba uliishika wewe?"

"Niliishika."

"Ilivutwa?"

"Ilikuwa imetulia."

"Weka mikono mezani."

Hakuiweka.

"Mama, weka mikono mezani."

Aliiweka, viganja chini. Waweru alivigeuza mwenyewe. Ngozi ilikuwa imechunika, mstari mwekundu umekata kila kiganja kutoka kidole cha shahada hadi kwenye mfupa wa mkono.

"Kamba iliyotulia haichuni mtu. Alivuta. Na wewe hukumvuta. Ulimlegezea, ikakupita mikononi."

Alirudisha mikono chini ya meza.

"Oksijeni ulifungua?"

"Nilimwekea barakoa. Watu waliniona."

"Waliona barakoa. Mtungi umejaa vile vile. Ulimbana pua na mdomo kwa kipande cha plastiki, bila hewa, na wale wawili wamemshika miguu wakimwambia apumue."

"Walikuwa wakimwita mkubwa," alisema. "Pumua, mkubwa. Pumua, mkubwa."

Jerop aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Unaweza kunyamaza," Waweru alisema. "Ni haki yako. Edwin Lagat atafungwa badala yako. Mkuu wangu ameshamwandikia kosa. Ana watoto watatu."

Jambo hilo ndilo lililomgusa. Alitazama viganja vyake kama vitu vya mtu mwingine.

"Edwin mwacheni," alisema. "Edwin alifundisha vizuri. Kama hangefundisha vizuri, mimi singejua kitu mpaka leo."

"Kujua nini?"

"Mtoto wangu aliitwa Stephen. Miaka kumi na moja. Alitumia jina la baba yake, ndiyo maana Sifuna hakunijua. Mimi nilikuwa Nakuru kazini, mtoto yuko kwa nyanya yake Kesses. Nilimkuta mochari. Niliambiwa alitolewa akiwa amekufa, nikakubali. Nikasema basi nitajifunza kuzamia, mtoto wa mwingine asife hivyo. Miezi sita nimekaa meza moja na huyo mtu. Nimempikia chai."

"Alhamisi alisema nini?"

"Alisema alimtoa mtoto na povu likiendelea kutoka, linapanda na kushuka. Kama sufuria ya maziwa, alisema. Akamwekea nyasi usoni, inzi wasimsumbue. Akavuta sigara moja na nusu, dakika kumi hivi, wakingoja gari. Watu wakacheka. Akasema, Edwin, ungekuwepo ungembusu umpe hewa."

Waweru aligundua ameshika ukingo wa meza.

"Ulipanga kumuua?"

"Singejua kupanga. Nilikuja leo kufanya mtihani. Mtungi aliufungua vibaya mwenyewe. Mimi nimeshika kamba tu, ikavutwa mara nne. Nilijua ni kweli, si mchezo. Akavuta tena mara nne. Akavuta ovyo ovyo, hata hahesabu. Nikalegeza. Nilikuwa najiuliza Stephen alivuta nini huko chini, maana hakuwa na kamba. Sifuna alipotulia nikapiga firimbi. Nilitaka atoke akiwa hai. Majini isingetosha."

"Kwa nini?"

"Stephen hakufia majini."

Kalamu ya Jerop ilikuwa imesimama.

"Nikamwekea barakoa," Nabalayo aliendelea. "Alifungua macho. Alinijua ni mimi, akanishika mkono, akidhani namsaidia. Nikamwambia jina la mtoto. Nikaangalia saa. Dakika kumi, si zaidi. Povu likapanda, likashuka, likaacha."

"Umejutia?"

"Edwin ndiye najutia."

Waweru alimwashiria Jerop akusanye karatasi. Mwanamke aliinua kidole, kama mwanafunzi.

"Andika na hili. Sifuna hakuwa peke yake siku hiyo. Alisema kulikuwa na polisi. Alimuuliza, afande, huyu mtoto tumshughulikie kidogo? Polisi akaangalia saa, akasema gari la mochari liko njiani, achana naye. Akaleta turubai."

Waweru aliinamia daftari lake. "Alimtaja jina?"

"Hata sura hakukumbuka. Alisema polisi wote ni polisi." Nabalayo alimtazama, kwa mara ya kwanza bila kupepesa. "Wewe ni wa hapa hapa. Ukiuliza wenzako utampata. Mwambie tu alikuwa hai. Sitaki kitu kingine kwake. Nataka ajue, kama mimi ninavyojua."

Waweru alitikisa kichwa, kuashiria amesikia.

Nje, askari wa zamu alikuwa akimrudishia Edwin mkanda na kamba za viatu. Nabalayo alitia sahihi kwa shida, kalamu ikimteleza kwenye kiganja kilichochunika. Akachukuliwa.

Jerop alibaki na ukurasa wa mwisho.

"Afande, hapa kwa huyo polisi tuweke nani? Faili ya mwaka juzi iko hapo kabatini. Dakika moja tu, naitoa."

"Weka hajulikani."

"Lakini faili iko..."

"Konstebo. Hajulikani."

Jerop aliandika. Waweru akavuta karatasi, akatia sahihi yake chini, ile ile aliyoitia mwaka juzi chini ya maneno *alipatikana akiwa amekufa*. Kisha akaenda kwenye kabati, akalifunga, akatia ufunguo mfukoni.