Vidonge vya Shemeji

Ndugu zangu, nyumbani kwa fundi rangi mchana ulikuwa ukipita kama usingizi mwepesi. Alikuwa amepaka chumba chao rangi ya samawati, na mkewe, aliyelala akiugua homa ya mapafu, alisema anajiona yumo ndani ya wingu. Zahanati ilikuwa imempa vidonge, na kikohozi kilikuwa kimeanza kulegea.

Lakini fundi alizoea kutia kikausha kwenye rangi ili ukuta uwahi kukauka, akaona na dawa ni vivyo hivyo, ukiongeza nyingine mgonjwa atawahi kupona. Kabatini kulikuwa na vidonge vya njano, masalio ya ndugu yake alipouguza kidonda cha mguu.

"Hivi si vya shemeji?" mke akauliza.

"Meza, mama. Mwenzio alipona mguu, wewe kifua kitakushinda?"

Mke akacheka, akakohoa, akameza. Tusimcheke fundi, nani kati yetu hana masalio kabatini?

Homa ikapanda upya. Mke akaanza kuona kuta zinapumua, akaomba mlango ufunguliwe samawati itoke. Fundi akamshika mkono, akasali, akampa tena dawa zote mbili. Kulipokucha, samawati ilikuwa imehamia midomoni mwa mkewe.

Hospitalini daktari akataka kujua mgonjwa ametumia dawa gani. Fundi akaona aibu. Akajibu ni ile ya zahanati tu. Daktari alikuwa akigeuka kwenda zake, mkono wa mgonjwa ulipoinuka polepole juu ya shuka, vidole viwili vimenyooka.

"Mume wangu," akanong'ona, "mwambie."

Fundi akasema yote. Daktari hakufoka. Alimweleza kwamba dawa ya zahanati huua vijidudu vinapokua, na ile ya njano huvizuia visikue.

"Umevilaza, fundi. Ile ya kwanza ikavikosa."

Dawa ikabadilishwa. Mke akapona, ila kifua kilibaki dhaifu. Akipanda ngazi hupumzika katikati, na mumewe husimama naye, kana kwamba hawana pengine pa kwenda.

Funzo

Dawa mbili si lazima ziwe na nguvu maradufu. Moja yaweza kuifunga mwenzake mikono. Usichanganye bila kumwuliza mtaalamu, wala usimeze masalio ya mwingine. Na daktari akikuuliza, sema kweli. Mungu atuponye maradhi, atuponye na aibu inayotufumba midomo wapendwa wetu wakizama.