Sentimita Mbili

Mwalimu Ardhi alikutwa amelala chali kando ya meza ya tatu ya karakana, saa moja na nusu asubuhi, siku ya mtihani wa vitendo. Koti lake la kazi lilikuwa limefungwa vifungo vyote. Drili ya chuma ilikuwa sakafuni karibu na mkono wake, na plagi yake bado imo kwenye soketi ya ukutani.

Sajini alikuwa ameshazima umeme wa jengo zima kabla ya kuruhusu mtu yeyote asogee. Inspekta alipofika alimshukuru kwa hilo. Yeye mwenyewe mambo ya umeme aliyajua kwa kuwasha na kuzima taa, basi.

Daktari wa polisi aliinua viganja vya marehemu. Vyote viwili vilikuwa na alama za kuungua.

“Mkono wa kulia ulishika drili,” alisema. “Wa kushoto ulishika hili jiliwa la kubania vyuma, na jiliwa limefungwa kwa bolti kwenye zege. Umeme umepita mkono hadi mkono, ukakatiza moyoni.”

Katika mfuko wa koti kulikuwa na kalamu na orodha ya watahiniwa, imekunjwa mara nne. Inspekta aliitia kwenye bahasha ya vielelezo bila kuisoma. Kisha akaichomoa ile plagi. Mgongoni ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi: 14.

“Kumi na nne ni yule msichana,” alisema mtu aliyesimama mlangoni. “Kipenzi cha mwalimu.”

Alikuwa mtunza ghala, mzee mwembamba aliyevaa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu. Chuo kizima kilimwita Mzee Funguo.

“Plagi zilifungwa lini, mzee?”

“Jana mchana. Kila mtahiniwa na drili yake. Nikazifungia ghalani, nikazitoa leo saa moja.”

“Ufunguo wa ghala uko kwa nani mwingine?”

“Mimi tu, afande. Miaka kumi na tisa.”

Sajini alifungua plagi kwa bisibisi. Waya wa kijani wenye mstari wa njano ulikuwa umebanwa kwenye pini ya moto, ile yenye fyuzi. Waya wa kahawia ulikuwa kwenye pini ndefu ya juu. Sajini alijua mara moja kwamba hapo mambo yamegeuzwa. Fyuzi ilikuwa nzima.

Msichana aliletwa kwenye ofisi ya walimu. Shangazi yake alibaki nje kwenye benchi, mkoba mapajani. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa alikuwa anasikia neno “mauaji” likitajwa pamoja na mwanawe.

“Namba kumi na nne ni yako?”

“Ndiyo, afande.”

“Ulifunga plagi mwenyewe?”

“Kwa mikono yangu.”

“Basi umemuua mwalimu wako. Kwa kusudi au kwa uzembe, hilo ndilo nataka unisaidie.”

Msichana alitazama sakafuni. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa koti. Kisha macho yake yakaangukia plagi iliyo wazi mezani, na kilio kikakatika.

“Hivi sivyo nilivyofunga.”

“Kila mtu husema hivyo.”

“Tazama urefu, afande.” Alisogeza kiti. “Kahawia ni waya wa moto, bluu ndiyo njia ya kurudia. Hiyo miwili huwa mifupi. Wa kijani ni waya wa ardhi. Mwalimu alitaka uwe na sentimita mbili za ziada, ili kamba ikivutwa, wa ardhi uwe wa mwisho kung'oka. Ndiyo maana tulimwita Mwalimu Ardhi. Angalia, huu wa kijani umejikunja kwa sababu umewekwa mahali pa waya mfupi. Na wa kahawia umevutwa mpaka gamba limechubuka, ufike pini ya juu. Nani anakata waya usiofika?”

Inspekta aliinama. Ilikuwa kweli. Plagi ilikuwa imefungwa sawasawa kwanza, kisha mkono mwingine ukahamisha nyaya.

“Hizo sentimita mbili alizichukulia kwa uzito kweli?”

“Alifelisha mtu mwaka jana kwa sababu ya hizo hizo.”

“Nani?”

Msichana alitazama mlango. “Binti wa Mzee Funguo.”

“Jambo la mwisho. Mwalimu wa umeme anashikaje drili kabla ya kuipima?”

“Haiwezekani! Kila mtihani alizipima zote kwa mita ya kupimia umeme, halafu anashika yeye kabla yetu. Alisema kama kuna wa kuumia, aanze yeye.”

Daftari la ghala lilikuwa na mwandiko wa marehemu, wa asubuhi ile ile: *Naomba mita moja.* Pembeni, kwa mwandiko mwingine: *Hakuna betri.* Sajini aliitoa mita rafuni, akaiwasha. Namba zikajitokeza kwenye kioo palepale.

Mzee Funguo aliitwa ofisini, Inspekta akaiweka mbele yake.

“Betri nzima kabisa, mzee.”

“Labda... labda nilichanganya na nyingine.”

“Ghala lina mita ngapi?”

Mzee aliitazama ile mita.

“Mzee, nimekuuliza.”

“Moja.”

“Binti yako alifelishwa kwa nini?”

Mzee aliishika kamba ya ufunguo kwa mikono yote miwili.

“Sentimita mbili,” alisema. “Mwanangu alifelishwa kwa sentimita mbili za waya! Plagi ilifanya kazi, afande, niliiona, drili ilizunguka. Akaandika hapana. Mwezi mzima mtoto hakutoka chumbani. Namuwekea chakula mlangoni, nakikuta vilevile. Na mimi huku nampa yule mtu bisibisi kila asubuhi, shikamoo yake naitikia.”

“Ukaamua kumuua.”

“Hapana! Wallahi, sikutaka afe mtu. Nilitaka watahini wakija, drili ya kipenzi chake iwashwe, fyuzi ikatike, wacheke. Aone aibu. Na yule binti afeli, kama wangu. Mita nilimnyima asije akagundua. Nilisema moyoni, bila mita atawasubiri watahini.” Aliitazama plagi iliyo wazi mezani. “Mbona fyuzi haikukatika?”

Msichana namba kumi na nne alikuwa bado ofisini, amesimama karibu na dirisha. Ndiye aliyejibu.

“Fyuzi inalinda waya, mzee. Inakatika umeme ukizidi kiasi chake, na unaotosha kuua mtu ni mdogo sana kwake. Mtu analindwa na ule wa ardhi. Ulipouweka kwenye moto, drili yote ikawa moto, ikangoja mtu aishike.”

Mzee aliinamisha kichwa. Inspekta alifungua bahasha, akaikunjua ile orodha ya mfukoni mwa marehemu. Alikuwa ameshaisoma wakati Sajini akitafuta mita. Majina kumi na manne yalikuwa yamepigwa chapa. La kumi na tano lilikuwa limeongezwa kwa kalamu.

“Soma hapo chini.”

Mzee Funguo alisoma. Akarudia kusoma, kidole kikifuata herufi za jina alilolichagua mwenyewe, siku mtoto alipozaliwa.

“Mwalimu alikuwa akimfundisha binti yako kila Jumamosi,” alisema msichana. “Dada alituomba tusikwambie mpaka afaulu. Alitaka akuletee cheti mkononi.”

Sajini alitoa pingu. Mzee alivua ufunguo shingoni, akauweka mezani juu ya daftari, akanyoosha mikono bila kuambiwa.

Nje, shangazi alikuwa amemkumbatia msichana wake aliyeachiwa, analia kwa sauti. Na kutoka getini alikuwa anakuja mwanamke kijana, mbiombio, koti la kazi jipya limepigwa pasi, bisibisi mfukoni. Aliwaona polisi, akapunguza mwendo. Kisha akamwona baba yake.

“Baba? Nimechelewa mtihani?”