Mteja wa Kiti Chenye Joto

Viti vilikuwa tele usiku ule, lakini yule bwana alisimama.

Mama Ukoko alimwona kupitia dirisha dogo la jikoni, lile la kupitishia sahani. Mwanaume mrefu, suti ya kijivu iliyonyooshwa ikanyooka, mikono ameifumbata mbele kama mtu aliyekuja kutoa pole. Meza nne zilikuwa tupu. Wifi yake, ambaye ndiye aliyehudumia mezani, alimvutia kiti, akakifuta, akamkaribisha. Yule bwana akatabasamu, akasema hana haraka, atasubiri. Akasubiri amesimama karibu na meza ya Mwalimu, mpaka Mwalimu alipomaliza maharage yake, akafuta mdomo na kuaga. Mzee wa watu hata mlango hajaufikia, mgeni alikuwa amekwisha kukaa palepale alipotoka.

Wifi alisema labda anaipenda ile kona. Mama Ukoko akacheka, akarudi kwenye sufuria zake.

Hakuwa na sababu ya kushangaa. Mgahawa unaofunguliwa wakati wenzako wanatandika vitanda hauchagui wateja. Dereva wa teksi alikula akiutazama ukuta, kwa sababu, alisema, nyuso za watu amezichoka kwenye kioo cha gari. Nesi wa zamu alianza na matunda akamalizia na supu, maana maisha yake yote yalikuwa kinyumenyume. Mwalimu, mstaafu, alikuja na chaki yake mwenyewe kusahihisha tahajia kwenye ubao wa vyakula. Na alikuwepo Mama wa Vikombe Viwili, aliyeagiza chai yake na ya mumewe, ingawa mumewe alitoka nyumbani miaka kumi na moja iliyopita akisema anarudi sasa hivi. Kila mtu na kichaa chake, na Mama Ukoko aliwapenda wote. Mwenyewe walimpa jina hilo kwa sababu aliyechelewa hakumnyima. Alimkwangulia ukoko wa wali chini ya sufuria, akamwekea na mchuzi.

Mgahawa aliachiwa na marehemu mumewe. Watu walitabiri kwamba wifi na wifi hawawezi kupikia jiko moja hata mwezi. Mwaka wa pili ulikuwa unakatika sasa, wanalala chumba kimoja ghorofani na kugombania shuka moja, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake aondoke.

Basi yule mgeni aliagiza chai, asiinywe. Alikaa tu, amefumba macho, viganja amevikalia, kama mgonjwa wa homa aliyepata jua. Alipoondoka, wifi aliinua kikombe akakiweka chini tena. Chai iliyomiminwa ikichemka robo saa nyuma ilikuwa baridi kama maji ya kisima. Na pale mezani palinuka jivu, jivu la moto uliozimwa kwa maji.

Kesho yake Mwalimu alikuja amevaa koti. Keshokutwa akaja na koti na sweta, akaomba chai, akaigugumia ikitoka jikoni bila kuipuliza, na mdomo wake haukuungua. Alisema baridi ya mwaka huu ni ya ajabu. Wenzake walikuwa wamekunja mikono ya mashati.

Baada ya hapo hakuonekana. Ni nesi aliyeleta habari. Alisema Mwalimu amelazwa, kafunikwa mablanketi manne, vipimo vyote vinasema mzima, na anachoomba ni kimoja tu, asogezwe dirishani penye jua. Siku ya tisa tangu usiku ule wakamzika.

Mgeni alikuwa anaendelea kuja. Sasa alisimama karibu na muuza magazeti wa jirani, mteja mwingine wa kila usiku.

Mama Ukoko hakutaka kuyaunganisha yale mambo mawili, lakini akili ikishaanza kushona haisubiri ruhusa. Muuza magazeti aliinuka, mgeni akakaa. Siku tatu baadaye muuza magazeti alikuwa anauza huku amejifunga shali ya mkewe. Siku ya tisa meza yake ya magazeti haikutolewa nje.

Usiku uliofuata Mama Ukoko alifunga mgahawa mapema, akapandisha ngazi na wifi yake, wakajifungia chumbani. Walikuwa wanaanza kusinzia waliposikia ngazi zinalia, moja moja, taratibu, hatua za mtu mwenye adabu asiyetaka kuamsha watu. Zikafika mlangoni zikakoma. Hakubisha hodi wala hakugusa kitasa. Ile harufu ya jivu lililolowa ikapenya chini ya mlango ikajaa chumba kizima, na wale wanawake wawili wakalala wamekumbatiana hivyohivyo hadi kulipopambazuka, kila mmoja akimzuia mwenzake asinyanyuke kitandani, bila kuambiana kwa nini.

Asubuhi nesi akasikiliza yote. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kazi yake haimruhusu kutamka atakalotamka, lakini sokoni yupo bibi mmoja muuza mizizi, na watu waliokwenda kwake hawakurudi hospitali.

Bibi mganga alikuja mchana. Alikuwa mfupi, mguu mmoja unamsumbua. Hakuwa na kibuyu wala hirizi. Alipita kiti kwa kiti akiweka kiganja, kama mama anayepima homa ya watoto. Kwenye kiti cha Mwalimu alitoa mkono haraka, akaufuta kwenye nguo. Ndipo akaomba chakula, akamaliza sahani mbili, na kusema.

"Huyu hana moto wake, wanangu. Majini wengine wana moto, huyu wa kwake ulizimwa, na nani aliuzima si habari yetu. Anaishi kwa joto analoacha binadamu akiinuka. Halinyakui. Anangoja liachwe."

Mama Ukoko aliuliza kama hawawezi kufunga mgahawa tu.

"Mmekwisha kufunga, akawafuata kitandani. Dawa yake ni kunyimwa mbele za watu. Kiti kila kimoja kiwe na mtu, asiinuke hata mmoja mpaka kuche. Akikosa usiku mmoja mzima, hapa hapamfai tena. Ila atawaita, na atawaita kwa sauti mnazozipenda."

Kazi ikawa kuwaomba wateja. Mama Ukoko alidhani watakimbia. Aliwaeleza bila kuficha, mmoja mmoja. Dereva aliuliza swali moja tu, kama ataruhusiwa kuutazama ukuta wake, na jioni akaja na madereva wenzake watano. Nesi alibadilishana zamu. Mama wa Vikombe Viwili alikuja amevaa gauni lake zuri. Chakula kilipangwa mezani kabla, na jagi la maji ya barafu kila meza. Mama Ukoko na wifi yake wakakaa viti vya mwisho, bega kwa bega, karibu na mlango wa jikoni. Bibi mganga akakaa mlangoni. Hapakubaki kiti.

Mgeni aliingia saa zake zilezile.

Alizunguka na macho chumba kizima, meza hadi meza, na tabasamu lake halikuondoka, lilikonda tu. Akaja katikati akasimama. Hakuna aliyekula. Taa zilivuma. Moto mdogo ulioachwa jikoni ulisikika ukipungua, ukipungua, hata ukawa kama pumzi ya mtoto aliyelala.

Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Miguu ikafa ganzi, mabega yakauma, dereva mmoja akalia kimya kwa haja iliyombana, lakini hakuinuka, na yule bwana akaanza kutembea kati ya meza, akisimama nyuma ya kila mmoja, akiinama kidogo kama mtu anayesikiliza kama chungu kimeanza kuchemka, na aliposimama nyuma yako ulihisi uti wa mgongo wako unahesabiwa pingili kwa pingili, na harufu ya jivu lililolowa inakukaa mdomoni hata mate hayamezeki.

Kisha sauti zikaanza, na zilitoka nje. Dereva wa teksi alisikia mwanawe mchanga analia barabarani, kilio kile hasa cha usiku, akabana macho akagonga paji la uso ukutani, taratibu, tena na tena. Nesi alisikia mgonjwa anaomba maji. Na pale dirishani, sauti ya mwanaume, nzito, yenye kukwaruza kidogo, ikasema nimerudi, mke wangu, samahani nimekawia.

Mama wa Vikombe Viwili alitetemeka hadi vikombe vikagongana. Machozi yakamshuka. Lakini aliishika meza kwa mikono miwili, akajibu polepole:

"Chai yako imepoa. Umechelewa mwenyewe."

Sauti zikakatika zote kwa pamoja. Nje mbingu zilikuwa zimeanza kupauka, weusi unageuka kijivu, na Mama Ukoko akaanza kuamini kwamba wamevuka, akaanza hata kumfinya wifi yake mkono kwa furaha, ndipo jikoni, nyuma yao, karibu kabisa, mtu akakohoa. Alikijua kikohozi kile. Alikuwa amekisikia miaka kumi na sita kwenye mto wa pili.

"Mdogo wangu," sauti ya mumewe ikasema. "Nifungulie mlango wa nyuma. Nimesimama hapa tangu mliporudi kutoka makaburini."

Hakumwita mkewe. Alimwita dada yake, na wifi, ambaye tangu mazishi hakuwahi kulia mbele ya mtu, alinyanyuka kama mtoto aliyeitwa na kupiga hatua mbili kuelekea jikoni, na hapo mgeni, aliyekuwa upande wa pili wa chumba, hakuwa tena upande wa pili wa chumba, alikuwa amesimama mbele ya kile kiti kitupu, magoti yanaanza kukunjika, macho yanaanza kufumba, na Mama Ukoko bila kufikiri wala kukumbuka alichoambiwa alilidaka jagi, akaruka akasimama, akayamwaga yale maji ya barafu yote kwenye kiti.

Mgeni alisita, mkono juu ya kiti kilicholowa. Joto lilikuwa limekufa. Mama Ukoko akamkamata wifi yake kiunoni, akamrudisha nyuma, akamkalisha kwa nguvu juu ya maji, akamshikilia mabega mpaka akaacha kupapatika.

Ndipo alipogeuka kukaa.

Yule bwana alikuwa anainuka kutoka kwenye kiti cha Mama Ukoko. Alikuwa amekikalia kwa muda wa pumzi moja, haukuzidi hapo, na wote chumbani walikuwa bado wanamtazama wifi akilia. Mashavu yake yalikuwa na rangi. Alinyoosha suti yake, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Asante, mama," alisema, kwa sauti ambayo ni Mama Ukoko tu aliyeisikia.

Akatoka. Nyuma yake pazia la mlangoni likaangazwa na jua.

Mama Ukoko akakaa. Kiti kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Watu hawakuamini. Wengine walicheka, wengine walikumbatiana na watu wasiowajua, na madereva sita walikimbilia choo kimoja. Dereva wa teksi aligeuka kutoka ukutani akawatazama watu wote usoni, mmoja mmoja, akasema hajawahi kuona sura nzuri namna hii. Katikati ya makelele yale bibi mganga alipita tena kiti kwa kiti na kiganja chake, akiitikia kwa kichwa kwa kuridhika, hata alipofika pembeni. Akaomba Mama Ukoko ainuke. Akakigusa kiti chake. Mkono ukakaa pale.

Akainua macho. Mama Ukoko akamtikisia kichwa, kidogo tu, na yule bibi akanyamaza.

Walizungumza baadaye, ua wa nyuma, penye masinia ya kuoshwa. Bibi alimwambia yule hatarudi tena hapa, amenyimwa usiku kucha mbele za watu, na alichokipata mwishoni kimemshibisha. Akamuuliza mbona amemkataza kusema.

"Wifi yangu atajua nilisimama kwa sababu yeye alisimama," Mama Ukoko alisema. "Ataibeba hiyo mpaka kufa kwake. Mimi nitaibeba siku chache."

Bibi alimshika mikono, akajaribu kuisugua, kisha akaacha. Alisema yupo mzee mmoja mbali sana ambaye pengine anajua zaidi yake. Hakulisema kama mtu anayeamini, na Mama Ukoko hakumuuliza njia.

Jioni ile mgahawa ulifurika. Mama Ukoko alimwita wifi yake jikoni, akamwambia leo asihudumie mezani, nesi amejitolea. Akaanza kumfundisha. Alimwonyesha moto wa vitunguu na namna ya kuusikia kwa sikio, chumvi ya maharage inaingia lini, mchuzi unakatika kwa kosa gani. Alisimama karibu mno na jiko. Wifi alimtania kwamba ni mpishi wa kwanza duniani kuvaa koti jikoni, akauliza pupa yote hii ya nini, wakati wanayo miaka yote mbele yao.

"Mkono unataka mazoea," Mama Ukoko alijibu. "Koroga, kisiungue." Kisha akajikunyata, akasema kwa upole, "Na nifungie hilo dirisha, wifi. Upepo unanipiga."

Wifi aliacha mwiko akageuka. Dirisha lilikuwa limefungwa.