Bustani ya Marehemu Mwishehe

Ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, ulishapoa, na Kasiani hajarudi. Yuliana akafunika sufuria, akateremka bondeni Vingunguti kumwita mumewe. Alikuwa amenuna, njaa haina adabu.

Mwaka ule ulikuwa wa kilimo cha kufa na kupona. Balozi wa nyumba kumi alipita akitangaza kwamba ardhi isilale, atakayeona shamba limelala alilime. Basi Kasiani, mtu wa Masasi asiyejua kukaa bure, akachagua bustani ya mchicha ya mzee Mwishehe, aliyezikwa majuma matatu nyuma. Wenyeji waliipita kwa mbali bustani ile. Kasiani hakuuliza kwa nini.

Yuliana alimkuta anapiga matuta.

"Baba Sesilia, chakula!"

"Namalizia."

Jua likazama. Kasiani akafika mwisho wa tuta, akageuka, akalianza upya tuta lilelile. Hapo Yuliana akauona mpini. Ulikuwa umelowa damu.

"Acha jembe!"

"Haliachiki," akanong'ona, machozi yakimtoka. "Tangu asubuhi... Usikanyage huku!"

Yuliana alitimua mbio hadi kwa Mwajabu, mjane wa marehemu. Bibi yule alikuwa edani, hatoki nje. Aliposikia habari akajitanda kanga, akatoka.

"Alipiga hodi?"

"Bibi, shamba nalo hupigiwa hodi?"

"La mzee hupigiwa. Aliliwekea zindiko la wezi. Aingiaye hulima mpaka mwenyewe aje amwambie toka."

"Na mwenyewe kafa..."

Mwajabu akatangulia njia ya bondeni. Walipofika ukingoni akapaza sauti: "Mie mkewe nasema, toka, mwanangu!"

Jembe likasimama. Yuliana akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ti...

Jembe jingine. Nyuma ya migomba.

Ti... ti...

Harufu ya ubani ikawajia, na ya udongo mbichi. Kisha mtu akakohoa huko migombani, kikohozi cha mzee anayepumzika. Mwajabu akaziba mdomo kwa kanga. Miaka thelathini alilala karibu na kikohozi kile.

"Anasema bado," Kasiani akanong'ona, akainua jembe.

Yuliana alitaka kumrukia, lakini Mwajabu alimkumbatia kiunoni kwa nguvu zote. "Una watoto, mwanangu. Una watoto!"

Asubuhi wanaume walikuja na kamba. Walikuta matuta yamenyooka, mchicha umepandwa. Kasiani hayupo. Wengine walisema kakimbia ugumu wa maisha. Mwajabu alimaliza eda akahamia kwa kaka yake Kisarawe.

Ndugu wa Masasi walikuja kumchukua Yuliana. Alikataa katakata. Kila magharibi husimama ukingoni, humwita mumewe kwa jina la mtoto wao, na majembe yote mawili yanayosikika nyuma ya migomba husimama.

Moja huanza tena papo hapo.

La pili hukawia kidogo.