Rangi Nne za Gari Moshi la Bustani

Jumapili bustani ya mji ilijaa watoto hadi kwenye nyasi zilizokatazwa, na katikati ya reli alichuchumaa mpaka rangi mmoja wa ovaroli nyeupe, akichungulia uvungu wa injini ya gari moshi dogo la kutembeza watoto.

"Toka hapo kabla sijakupitia juu!" akafoka dereva, mwanamke wa gauni la njano na buti za kazi.

"Rangi yako inabanduka, dada."

"Na adabu yako ilibanduka lini?"

Kila Jumapili mpaka rangi huyo akarudi, wakatukanana mpaka wakazoeana. Siku alipokosekana, dereva akapiga simu mwenyewe.

"Umekufa?"

"Nina mafua, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Kunywa maji ya moto."

Sasa, hilo gari moshi dogo aliliunda babu yake dereva kwa mabomba ya kiwanda kilichobomolewa, akalipaka kijani. Kila aliyelirithi alipaka rangi yake juu ya ile iliyotangulia, bila kukwangua kitu: baba nyekundu, shangazi zambarau, yeye bluu. Likichubuka kidogo, ukoo mzima unachungulia.

Dereva akasafiri kumuuguza shangazi. Mpaka rangi akataka kumfurahisha. Akaikwangua injini mpaka chuma, akaipaka bluu mpya ya kung'aa.

Dereva aliporudi akaizunguka injini yote.

"Za chini ziko wapi?"

"Nimezitoa zote."

"Umemkwangua babu yangu!"

"Ni rangi tu, mpenzi."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Brashi ilimpita sikioni.

"Rangi tu? Basi na wewe mtu tu. Usinipigie!"

Akapiga. Akakatiwa. Akapiga tena, akapokea shangazi, ambaye sasa alikuwa kwa dereva: "Mwanangu, hata mimi umenikwangua," akakata.

Wiki iliyofuata dereva akamfumania kwenye banda la gari moshi. Injini chuma kitupu tena, makopo manne chini.

"Umerudia ujinga?"

"Naanza upya. Ya babu, ikauke. Ya baba, ikauke. Ya shangazi. Halafu yako."

"Nani ataziona za chini?"

"Hakuna. Lakini wewe utajua zipo."

Dereva akamkazia macho kama anayetafuta pa kumpiga. Kisha akainamia kopo la kwanza.

"Kijani gani hiki? Cha babu kilikuwa kimekolea."

"Nichanganyie."

"Sijakusamehe."

"Sijasema umenisamehe."

Akakoroga kwa hasira, rangi ikamrukia gauni.

"Mbona makopo manne tu? La tano liko wapi?"

"La tano la nani?"

"La kwako, mpumbavu! Au mume wangu atakaa kwenye behewa kama abiria? Kalete. Na usiniletee rangi ya waridi!"